Mwanya wa Maongezi: Kupatana Bei katika Uuzaji wa Sarafu za Kale Mtandaoni

Tangazo la kuuza sarafu ya kale mtandaoni huishia mara nyingi na maneno mawili au matatu ambayo muuzaji huyaandika bila kuyafikiria: bei maelewano, maongezi yapo, au kinyume chake, bei haipungui. Maneno hayo yametoka kwenye matangazo ya simu zilizotumika, viwanja na magari, na kwa bidhaa hizo yanatosha, kwa kuwa muuzaji na mnunuzi huwa na makadirio yanayokaribiana kuhusu bei ya soko. Sarafu za wakusanyaji, yaani zile zinazonunuliwa kwa ajili ya umri, uhaba, historia au hali yake na si kwa matumizi ya dukani, haziko hivyo. Katika kijaluba kimoja kilichoachwa na marehemu kwa warithi wake panaweza kukutwa thaler ya Maria Theresa ambayo bei yake hujulikana kwa hesabu fupi, senti ya Tabora ya wakati wa vita ambayo bei yake hubadilika kwa kutegemea umbo la herufi moja, na riale ya Sultani Barghash wa Zanzibar ambayo hata wafanyabiashara wazoefu hubishana kuihusu. Kuziwekea zote tatu maneno yaleyale ni kosa, na hoja inayotetewa hapa ni kwamba mwanya wa maongezi, yaani tofauti iliyopo kati ya bei inayotangazwa na bei ya chini kabisa ambayo muuzaji yuko tayari kuipokea, unapaswa kulingana na ukubwa wa shaka kuhusu thamani ya sarafu yenyewe, wala si na mazoea ya kupandisha bei ili ipatikane ya kushusha.

Thaler ya Maria Theresa ndiyo mfano wa sarafu ambayo karibu haina shaka. Ni sarafu pana ya fedha yenye sura ya mtawala huyo wa Austria na mwaka 1780, mwaka aliofariki, lakini iliendelea kupigwa kwa sura hiyohiyo na mwaka huohuo hadi karne ya 20 katika viwanda vya Vienna, Roma, London, Bombay na kwingineko, kwa sababu wafanyabiashara wa Ethiopia, Bara Arabu na mwambao wa Afrika Mashariki walikuwa wameizoea na kuiamini hivyo ilivyo. Uzito wake wa kawaida ni gramu 28.07 na fedha halisi iliyomo ni sehemu 833 kwa 1,000, yaani gramu 23.4 hivi, ambazo ni robo tatu ya aunsi ya madini ya thamani, aunsi ambayo huhesabiwa kuwa gramu 31.1. Muuzaji akiitazama bei ya fedha ya siku katika soko la dunia na kuizidisha kwa 0.75, amekwisha kupata thamani ya madini ya sarafu yake, na kwa kuwa matoleo yaliyopigwa baadaye ni mengi mno, bei ya kawaida haiendi mbali na hapo. Anayedhani kwamba mwaka 1780 unaifanya sarafu yake kuwa na umri wa zaidi ya karne mbili hutangaza bei ya ajabu, kisha huweka maongezi, kisha hushangaa kwamba ofa zote zinazokuja ni za thamani ya madini. Sarafu ya namna hii itangazwe kwa bei iliyofungwa, yenye nyongeza ndogo juu ya thamani ya madini, na bei hiyo ihuishwe kila soko la fedha linapotikisika. Akifungua maongezi, anayefaidika ni mtu anayetafuta madini ya kuyeyusha kwa bei ya chini kuliko ya sonara.

Hesabu hiyohiyo huzifaa rupia za fedha zilizotumika pwani. Rupia ya India ilikuwa na gramu 11.66 na fedha sehemu 917 kwa 1,000, na kipimo hicho ndicho kilichofuatwa na rupia za Wajerumani pamoja na zile za kampuni ya Waingereza iliyotoa sarafu zake Mombasa mwaka 1888. Kila moja ina fedha halisi ya gramu 10.7 hivi. Thamani hiyo ni kima cha chini tu, kwa maana rupia ya Mombasa iliyo safi huuzwa kwa bei inayozidi madini yake mara kadhaa, ilhali rupia ya kawaida ya India iliyochakaa haivuki mbali. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1921 ina fedha robo tu, ambayo kwa uzito wa gramu 7.78 haifiki gramu mbili, na kuanzia mwaka 1948 haina fedha kabisa. Kundi hili lina hadithi moja inayowaponza wauzaji wengi, nayo ni ile ya senti kumi ya mwaka 1936 yenye jina la Mfalme Edward wa Nane, aliyetawala kwa miezi michache ndani ya mwaka huo kisha akajiuzulu. Kwa kuwa senti kumi ilikuwa na tundu katikati na haikubeba sura ya mfalme, ilipigwa kwa jina lake bila kungoja picha, na ilipigwa kwa wingi. Jina ni adimu, sarafu si adimu. Muuzaji anayeitangaza kama hazina na kuacha mwanya mpana wa maongezi anajiandalia wiki kadhaa za kubishana na watu wanaoweza kuipata kwingine kwa bei ya kikombe cha chai.

Hapo ndipo inapofaa kutofautisha shaka za aina mbili. Ipo shaka ya kutojua, ambayo chanzo chake ni muuzaji kutoitambua sarafu aliyonayo, na ipo shaka ya soko, ambayo hubaki hata baada ya kila kitu kutambuliwa, kwa sababu sarafu ya aina hiyo huuzwa mara chache na kila mauzo hutoa bei tofauti. Shaka ya pili ni ya pande zote mbili, na maongezi ndiyo njia halali ya kuimaliza. Shaka ya kwanza ni ya upande mmoja tu, na mnunuzi mjuzi hujilipa kutokana nayo. Muuzaji anayefungua maongezi ili wanunuzi wamsaidie kujua thamani ya sarafu asiyoifahamu huwa amewakabidhi kazi hiyo watu wenye sababu zote za kumpa jibu lililo pungufu.

Sarafu za Tabora zinaionyesha tofauti hiyo vizuri. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, meli za Waingereza zilipokuwa zimeifunga pwani, utawala wa Wajerumani ulipiga sarafu zake katika karakana ya reli ya Tabora: senti, yaani heller, za 5 na 20 zenye mwaka 1916 na herufi T, pamoja na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo mbele ya mlima. Heller 20 zilipigwa kwa shaba ya njano na kwa shaba nyekundu, kwa mihuri iliyotofautiana katika umbo la taji na la herufi, na baadhi ya michanganyiko ya mihuri hiyo ni migumu kupatikana huku mingine ikiwa imejaa kila soko. Muuzaji ambaye hajajua ana mchanganyiko gani hana haki ya kuiita shaka yake shaka ya soko; kioo cha kukuzia, mizani ya sonara na orodha ya kitaalamu vitaiondoa kwa muda wa saa moja. Orodha inayotumika zaidi kwa sarafu za dunia ni ile iliyoanzishwa na Krause na Mishler, ambayo namba zake hutanguliwa na herufi KM, na tovuti ya Numista hutoa picha na vipimo bila malipo. Tangazo lenye namba ya KM, uzito hadi desimali ya pili, kipenyo kwa milimita na picha za pande zote mbili pamoja na ukingo huwa limekwisha kuipunguza nusu ya ubishi kabla ya ofa ya kwanza kufika.

Kwa upande wa sarafu ya dhahabu ya Tabora, iliyopigwa kwa idadi isiyofika 20,000, shaka inayobaki ni ya namna nyingine. Uzito wake ni gramu 7.17 na dhahabu yake ni sehemu 750 kwa 1,000, hivyo thamani ya madini hujulikana, lakini nyongeza inayotokana na historia hupanda na kushuka kwa kutegemea hali ya sarafu, aina ya muhuri, na zaidi ya yote kwa kutegemea idadi ya wakusanyaji wa Ujerumani wanaoitafuta mwezi huo. Sarafu hii ina bandia nyingi, jambo linalomfanya kila mnunuzi makini aanze na ofa ya kujikinga. Riale ya fedha ya Zanzibar ya mwaka 1299 wa Hijria, sawa na 1882, iko mbali zaidi katika njia hiyo: huonekana sokoni kwa nadra, na muuzaji hapaswi kuichanganya na pesa ya shaba ya mwaka huohuo yenye picha ya mizani, ambayo ni ya sultani yuleyule lakini hupatikana kwa urahisi na kwa bei ndogo. Kwa pesa ya shaba, mwanya wa asilimia 5 unatosha. Kwa riale, mwanya wa asilimia 25 au hata 30 unaweza kutetewa, mradi muuzaji awe tayari kusubiri.

Vipimo hivyo havitokani na hisia. Muuzaji hupata ukubwa wa shaka ya soko kwa kukusanya bei za mauzo yaliyokamilika, si bei zinazoombwa. Katika eBay kuna kichujio kinachoonyesha vitu vilivyokwisha kuuzwa, na nyumba kubwa za mnada kama Heritage Auctions ya Marekani huweka wazi kumbukumbu za matokeo yao kwa anayejiandikisha. Mauzo manane ya sarafu ya aina moja yakikaa karibu karibu, shaka ni ndogo na mwanya uwe mdogo. Yakitawanyika, yaani ya juu ikiwa mara mbili ya ya chini, muuzaji atazame kwanza kama mtawanyiko huo unaelezwa na hali ya sarafu, na kile kisichoelezwa ndicho kiwe mwanya wake. Bei zinazoombwa na wengine hazisemi lolote isipokuwa matumaini yao, na tangazo ambalo limekaa miaka miwili bila mteja halistahili kunukuliwa kama ushahidi, ingawa ndilo linalonukuliwa zaidi.

Hali ya sarafu ndiyo chanzo kikubwa cha magomvi ya bei, hivyo inahitaji kuelezwa kwa uaminifu na kwa ukamilifu. Wakusanyaji hutumia ngazi ya namba kuanzia 1 hadi 70 iliyobuniwa na William Sheldon wa Marekani mwaka 1949, ambapo 70 ni sarafu isiyo na dosari hata chini ya kioo, na kampuni za upimaji kama PCGS na NGC, zilizoanza katika miaka ya 1980, huipima sarafu, huipa namba na kuifungia ndani ya kasha gumu la plastiki. Gharama ya huduma hiyo pamoja na usafirishaji huifanya isifae kwa sarafu za bei ndogo, lakini kwa dhahabu ya Tabora au riale ya Barghash huweza kujilipa, kwa sababu huondoa hoja mbili za mnunuzi kwa pamoja, ile ya uhalisi na ile ya hali. Sarafu iliyosuguliwa kwa majivu, ndimu au dawa ya meno ili ing'ae, desturi iliyozoeleka katika nyumba nyingi, huwa imeharibika machoni pa mkusanyaji, na kampuni hizo huiandika kuwa imesafishwa bila kuipa namba. Jambo hilo lisifichwe. Mwanauchumi George Akerlof alionyesha mwaka 1970, kwa mfano wa magari yaliyotumika, kwamba mnunuzi asiyeweza kutofautisha kizuri na kibovu hulipa bei ya wastani inayomwonea mwenye kizuri. Ofa ya chini ambayo muuzaji huiona kuwa tusi huwa mara nyingi ni bima ambayo mnunuzi amejikatia dhidi ya kile ambacho picha hazikuonyesha. Picha ya ukingo iliyokosekana ina gharama, na gharama hiyo huonekana ndani ya ofa.

Baada ya thamani kujulikana, muuzaji anapaswa kukokotoa bei yake ya chini kabla ya kutangaza, kwa kalamu na karatasi, si kichwani. Ichukuliwe kwamba sarafu ilinunuliwa kwa shilingi 150,000, kwamba ufungaji na usafirishaji vinagharimu 15,000, na kwamba soko la mtandaoni linakata asilimia 13 ya bei ya mauzo. Ikiuzwa kwa 240,000, soko litachukua 31,200, na baada ya gharama zote muuzaji atabaki na faida ya 43,800. Mteja akiomba apunguziwe 20,000 tu, punguzo ambalo kwa macho ni dogo, asilimia 8 hivi ya bei, makato ya soko yatapungua kwa 2,600 na faida itashuka kwa 17,400, yaani kufikia 26,400. Punguzo la asilimia 8 limekula karibu asilimia 40 ya faida. Katika mfano huo bei isiyoleta faida wala hasara ni 190,000 hivi, na muuzaji anayetaka angalau 22,000 kwa kazi yake hawezi kushuka chini ya 215,000. Tarakimu hiyo ya mwisho ndiyo bei ya chini, na inafaa kuandikwa mahali ambapo itaonekana wakati mteja mwenye maneno matamu atakapoanza kusimulia jinsi anavyompenda marehemu babu yake aliyefanya kazi kwenye reli.

Namna bei ya kutangaza inavyoandikwa nayo ina uzito. Wanauchumi Matthew Backus, Thomas Blake na Steven Tadelis, waliochambua mamilioni ya maongezi ya bei katika eBay na kuchapisha matokeo yao mwaka 2019, waligundua kwamba vitu vilivyotangazwa kwa mafungu kamili ya dola 100 hupata ofa za chini kuliko vile vya bei zinazokaribiana lakini zisizo kamili, ingawa huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuuzwa. Bei iliyoviringwa humwambia mnunuzi kwamba muuzaji amekadiria tu na ana haraka, ilhali bei kama 237,000 humwambia kwamba kuna hesabu nyuma yake. Muuzaji anayehitaji pesa ya ada ya shule wiki hii anaweza kuitumia bei iliyoviringwa kwa makusudi. Asiye na haraka aiepuke. Uchambuzi wa kumbukumbu hizohizo umeonyesha pia kwamba watu huvutwa mno na katikati, yaani kugawana tofauti iliyopo kati ya ofa na bei. Katika mfano uliotangulia, mteja akitoa 170,000 kwa sarafu ya 240,000, katikati ni 205,000, na faida inayobaki hapo ni 13,350 tu, chini ya kiwango kilichokusudiwa. Anayejua kwamba atavutwa kwenye katikati anapaswa kuihesabu katikati hiyo kabla ya kutangaza, kwa kuzingatia ofa za kwanza anazozipata kwa kawaida, na pale ambapo ushahidi wa mauzo hauruhusu bei ya juu zaidi, ajiandae kuikataa katikati kwa upole.

Masoko makubwa yana vyombo vya kusaidia kazi hiyo. Katika eBay, muuzaji wa bei ya kudumu anaweza kuruhusu ofa, kisha akaweka viwango viwili vya siri: kimoja ambacho ofa ikikifikia hukubaliwa papo hapo, na kingine ambacho ofa ikiwa chini yake hukataliwa bila yeye kuiona. Kiwango cha kukataa kisiwekwe kwenye bei ya chini yenyewe, bali chini yake kidogo, kwa kuwa mnunuzi wa kweli huanza chini ili apate pa kupandia, na akikataliwa na mashine sekunde ile ile huondoka. Kiwango cha kukubali kiwekwe karibu na bei kamili, au kisiwekwe kabisa kwa sarafu adimu, maana ofa nzuri iliyofika ndani ya saa moja baada ya tangazo inaweza kuwa dalili kwamba bei ilikuwa ndogo mno. Ofa hudumu kwa kawaida saa 48, na muda huo ni wa kutumia: asubuhi ya pili muuzaji huwa ametulia, na pengine ofa nyingine imeingia.

Jibu la muuzaji, yaani ofa yake ya kurudisha, linapaswa kuwa na mambo mawili, tarakimu na sababu. Hatua za kushuka zipungue kila mara. Anayeshuka kwa 12,000, kisha 8,000, kisha 3,000 humwonyesha mnunuzi kwamba mwisho unakaribia, na anayeshuka 10,000 kila anapoombwa humfundisha kuendelea kuomba. Sababu iwe ya sarafu na si ya shida za muuzaji. Jibu linalosema kwamba sarafu tatu za hali hiyo ziliuzwa kati ya kiasi fulani na kiasi fulani katika mwaka uliopita lina nguvu kuliko barua ndefu ya malalamiko, na lina adabu zaidi. Ofa ya dhihaka, ile ya kutoa elfu tano kwa kitu cha laki mbili, haistahili jibu la hasira wala la mzaha. Inatosha kuiacha ipite. Pale ambapo tofauti iliyobaki ni ndogo, inafaa kuimaliza kwa kitu kingine badala ya pesa: kulipia usafirishaji, au kuongeza sarafu mbili za senti za hali nzuri ambazo peke yake zisingestahili gharama ya kutumwa. Mkusanyaji anayeanza hufurahia nyongeza kuliko punguzo, na muuzaji hutoa kilicho rahisi kwake.

Mambo hubadilika katika makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook au Instagram, ambako sehemu kubwa ya biashara hii hufanyika katika Afrika Mashariki. Huko hakuna viwango vya siri, hakuna muda wa ofa, na kila punguzo linalotolewa hadharani mbele ya watu mia moja huwa ndiyo bei mpya kwa wote. Wauzaji wengi hulikwepa tatizo hilo kwa kuificha bei na kumwita mteja faragha. Njia hiyo ina madhara makubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu mkusanyaji makini huichukulia kama dalili kwamba bei itategemea atakavyoonekana, akiwa mtalii ni moja, akiwa mwanafunzi ni nyingine. Lililo bora ni kuitangaza bei hadharani, kueleza wazi kama maongezi yapo, na kuyafanya maongezi yenyewe faragha. Ofa za watu wawili kwa wakati mmoja zihudumiwe kwa utaratibu wa aliyetangulia, naye apewe muda maalumu wa kulipa, saa 24 kwa mfano, kwani kundi dogo la wakusanyaji hufahamiana na sifa ya kumruka mteja aliyekubaliwa haisahauliki upesi.

Maongezi humfichua mnunuzi pia. Anayeuliza uzito, anayeomba picha ya ukingo chini ya mwanga wa pembeni, anayetaja namba ya orodha, huyo kwa kawaida ananunua hata kama ofa yake ya kwanza ni ya chini. Anayekubali bei ya juu bila swali lolote na papo hapo kutaka biashara ihamie nje ya soko, au kutuma wakala kuchukua mzigo kabla pesa haijafika, ana shabaha nyingine. Ujumbe mfupi unaosema kwamba malipo ya simu yamepokelewa unaweza kughushiwa, hivyo muuzaji aangalie salio lake mwenyewe kabla ya kukabidhi kitu, na kwa sarafu ya thamani kubwa makabidhiano yafanyike ndani ya benki, ambako pesa inaweza kuhesabiwa bila wasiwasi.

Kuna jambo moja lisilopatanwa kwa bei yoyote, nalo ni kibali. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inavihesabu vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 kuwa malikale visivyoweza kutolewa nchini bila kibali, hivyo sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zinazookotwa ufukweni haziingii katika biashara hii. Kwa Kenya, sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inaweka mpaka kwenye mwaka 1895, mpaka unaozigusa hata rupia za Mombasa za 1888. Mnunuzi wa ng'ambo anayependekeza kuongeza bei kidogo ili sarafu itumwe kimyakimya ndani ya kitabu anamwachia muuzaji hatari yote. Kanuni za posta za kimataifa nazo haziruhusu sarafu na madini ya thamani katika barua za kawaida zisizo na bima, kwa maana hiyo mzigo ukipotea hakuna fidia ya kudai. Gharama za kibali, bima na ucheleweshaji zinaweza kuzungumzwa na kugawanywa kati ya pande mbili, na inafaa zitajwe mapema, kabla mnunuzi hajaizoea bei isiyo nazo.

Ofa zilizokataliwa zinafaa kutunzwa. Daftari lenye tarehe, kiasi na maneno machache kuhusu aliyetoa ofa huwa, baada ya miezi michache, chanzo bora cha bei kwa sarafu ambazo hazina mauzo ya kulinganisha. Riale ikipata ofa nne kutoka kwa watu wasiojuana na zote zikaangukia karibu na kiasi kimoja, soko limekwisha kusema, na muuzaji anayeng'ang'ania bei iliyo mara moja na nusu ya hapo anatunza sarafu, hauzi. Ikiwa hakuna ofa hata moja kwa miezi mitatu, kushusha bei kidogo kidogo kila wiki huwafundisha watazamaji kusubiri. Ni afadhali tangazo liondolewe kabisa, picha zipigwe upya, kisha sarafu irudi kwa bei mpya iliyofikiriwa. Kwa kitu adimu chenye wateja wachache walio mbali, ipo njia ya kukiachia nyumba ya mnada kwa kukubaliana bei ya chini ambayo chini yake hakiuzwi, na hapo maongezi ya muuzaji yanahamia kwa mwenye mnada, kuhusu kamisheni, tarehe ya mnada, na nani atalipia usafiri wa kurudi endapo hakuna atakayeifikia bei hiyo.